Picha kwa waliobaki nyumbani

Mmeuliza wiki hii: je, sanaa imewahi kumsaidia mwanamke kuwa na kauli juu ya mwili wake, au ni mapambo tu ya kumbi za wenye nazo? Nasema imewahi, na mfano wangu unatoka Ureno.

Tarehe 28 Juni 1998 Wareno waliulizwa kwa kura ya maoni kama mwanamke aruhusiwe kutoa mimba kwa hiari yake ndani ya wiki 10 za kwanza. "Hapana" ikashinda kwa takriban asilimia 51. Mimi kinachonishangaza ni hesabu nyingine: waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata theluthi moja. Waliobaki walikaa majumbani, katika nchi ambayo wanawake walikuwa wakitoa mimba kwa siri miaka nenda miaka rudi na kila mtu akijua.

Paula Rego, mchoraji mzaliwa wa Lisbon aliyekuwa akiishi London, alikasirishwa na kutojali huko. Enzi za Salazar, dikteta wa Ureno, alikuwa ameishi Ericeira, mji mdogo wa wavuvi, na aliyaona kwa macho yake mateso ya wanawake wa pale. Basi kati ya 1998 na 1999 akachora mfululizo wa picha za wanawake wanaotoa mimba kwa siri, kwa pasteli, zile chaki laini za rangi, na hakuipa hata moja jina.

Ukizitazama, unakutana na vitu vya nyumbani: kitanda, beseni, ndoo, taulo, viti viwili vya kuegemezea miguu. Mmoja wa wanawake hao ni msichana aliyevaa sare za shule. Damu haipo. Rego alieleza kwamba aliiacha makusudi, maana watu wangechefukwa na kugeuza nyuso. Hapo ndipo ninapoona akili yake. Wapinzani wa kutoa mimba walikuwa na picha zao za kutisha. Angejibu kwa vitisho vyake, mtazamaji angepata kisingizio cha kuondoka. Badala yake wanawake hawa wana maumivu, lakini miili yao ni mizito, imara, na baadhi wanakukazia macho bila kuomba huruma. Huruma ni rahisi kuitoa. Kukaziwa macho namna ile ni jambo jingine, hasa kama siku ya kura ulikwenda zako ufukweni.

Kuhusu kumbi za wenye nazo: picha hizo zilionyeshwa Lisbon mwaka 1999, na Rego akatengeneza pia matoleo ya kuchapwa kutoka kwenye mabamba ya metali, ili nakala ziwe nyingi na zifike mbali zaidi.

Sidai kwamba pasteli zilibadilisha sheria peke yake. Katikati hapo palikuwa na kesi ya Maia, mji wa kaskazini mwa Ureno, ambako wanawake 17 walipandishwa kizimbani kwa kutoa mimba, na mwaka 2004 serikali ilituma meli ya kivita kuizuia meli ya wanaharakati wa haki ya kutoa mimba kutoka Uholanzi. Kura iliporudiwa Februari 2007, "ndiyo" ilipata asilimia 59. Hata safari hiyo waliojitokeza hawakufika nusu, kwa hiyo matokeo hayakulilazimisha bunge kuyafuata. Bunge likapitisha sheria hata hivyo, mwaka huohuo.