Boti ya kwanza ya familia: nenda kaikague siku ya bamvua

Kaskazi ikikaribia, huanza kutumiwa picha. Boti imepigwa rangi ya buluu, imefungwa kwenye boya, nyuma yake minazi, na chini ya picha swali lile lile: "Ndugu yangu, hii yauzwa Mtwapa, bei nafuu, waionaje?" Siioni. Picha ya boti iliyo majini huonyesha nusu ya boti, tena ile nusu isiyo na matatizo. Kwa hiyo nami hujibu kwa swali: leo mwezi ngapi?

Namaanisha mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, na bamvua ya Mombasa hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3. Tena ina saa zake: maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa karibu na saa kumi alasiri. Mnunuzi hana msaidizi mwingine wa bure kama huyo. Mwambie muuzaji ailaze boti mchangani alfajiri, kabla maji hayajaondoka. Saa nne utaizunguka kwa miguu, uipapase chini, ulale chali uutazame mkuku (uti wa chini wa boti) wote. Saa kumi itaelea hapo hapo ilipo, uijaribu. Siku moja, bila kulipia gari la kuivuta wala watu wa kuibeba.

Muuzaji akikwambia njoo wiki ijayo (maji mafu, siku yasipopwa sana, boti haitoki majini hata robo), shukuru kwa adabu utafute nyingine. Ziko nyingi.

Ila kabla ya kwenda kuona boti ya mtu, amua yako italala wapi. Hili watu huliacha mwisho, nalo ndilo linalochagua boti. Mimi yangu hulala hori ya Tudor hapa Mombasa, ambako maji yakiondoka hubaki tope na mikoko, na mwenye boti yenye mkuku mrefu hupwelewa ikalala ubavu mpaka jioni. Kwa sehemu kama hiyo unataka chombo cha tumbo pana, kisichohitaji maji mengi, cha kukaa wima kwenye tope. Ukiwa na nafasi ya kufunga Mtwapa kwenye maji marefu, hilo si tatizo lako, lakini utalipa mahali pa kufunga na mlinzi kila mwezi, na pesa hizo uzihesabu leo, si baada ya kununua. Boti isiyo na wa kuilinda hupoteza mashine kwanza, kisha tangi, kisha kamba.

Halafu nani ataipanda? Familia ya hapa si baba, mama na watoto wawili. Ni hao, na bibi, na watoto wa shangazi waliokuja likizo, na sufuria la pilau. Mama watoto aliniuliza maswali mawili tu nilipotaja boti: kivuli kitakuwa wapi, na mama yake atapandaje. Wauzaji hawaulizwi maswali hayo, nayo ni maswali ya mtu anayejua jua la saa saba na anayejua magoti ya mama yake. Chombo chenye kingo za juu ni kizuri kwenye mawimbi, lakini mtu mzima hawezi kukiparamia kutoka majini. Kwa kazi ya familia, ndani ya hori na nyuma ya mwamba, futi 16 hadi 20 zatosha. Ukizidi hapo, kila kitu kinapanda: mashine, petroli, rangi, na idadi ya ndugu wanaojialika.

Sasa mbao au faiba. Kwa bei ya kununulia, mbao hushinda. Utapata mashua ndogo kwa pesa ambazo hazikupi hata mashine ya faiba. Nami nazipenda mashua, nimekulia karibu na watu waliokuwa wakizitia kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao. Lakini kalafati ndiyo habari yenyewe: pamba yake, mafuta yake, fundi wake, na kuiegesha bamvua baada ya bamvua uichome chini kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Ukiiacha juani miezi miwili, mbao hukauka na mishono hufunguka. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja kuhusu maji yaliyojaa ngamani, chini kabisa ndani, mwa mashua aliyokuwa akiiuza.

"Ami, hii yavuja?"

"Haivuji, mwanangu. Yatoa jasho."

Jasho lile lilikuwa la kukumbwa kwa ndoo. Mzee hakusema uongo kwa mizani yake, maana kwa baharia anayeshinda na chombo chake kila siku, maji kiasi hicho si kitu. Kwa mtu anayekwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa akaikuta boti Jumamosi imekalia maji, ni kitu. Kwa hiyo kama huna muda wala mzee nyumbani anayejua, nunua faiba.

Faiba nayo ina siri zake. Igonge kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ukisikiliza. Sehemu nzima hutoa sauti kavu, fupi. Ukifika mahali sauti ikawa nzito, imezama, hapo tabaka zimeachana au kuna mbao iliyooza ndani. Tazama kwa makini palipopakwa rangi mpya peke yake. Mtu hapaki rangi kipande kimoja cha chini ya boti bila sababu. Mikwaruzo ya mchanga isikutishe, boti yoyote ya Mombasa inayo. Nyufa zilizotawanyika kutoka kwenye pembe ya benchi au kwenye mkuku ndizo za kuuliza.

Pahali pa kukagua kwa muda mrefu ni tezi, kwenye ule ubao unaobeba mashine. Mara nyingi ndani ya faiba kuna mbao, na maji huingia kupitia matundu ya bolti, polepole, miaka na miaka. Nje huoni kitu. Shika mguu wa mashine kwa chini, uuvute juu na kuusukuma chini, huku mwenzako akikodolea macho ubao. Ubao ukicheza hata kidogo, au maji yakichuruzika kwenye bolti, hiyo ni kazi ya kukata tezi na kuijenga upya. Inawezekana, mafundi wapo, lakini bei ishuke kwa thamani ya kazi hiyo. Angalia pia kama sakafu inabonyea ukiitembelea. Boti zenye sponji chini ya sakafu hunywa maji zikawa nzito, na uzito huo utaulipia petroli siku zote.

Tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Ningechukua boti mbovu kidogo yenye mashine nzima kuliko kinyume chake. Faiba unaitengeneza ikiwa imelala mchangani, lakini mashine hukuzimikia mkondo ukikupeleka, na bibi yumo. Kwa bajeti ya kawaida hapa kwetu utajikuta kwenye Yamaha Enduro za zamani, farasi 15 au 40, za kuchanganyia oili kwenye petroli. Zina kelele, zina moshi, na si nyepesi kwa mafuta. Lakini wavuvi wanazitumia pwani nzima, vipuri vipo mjini, na fundi utampata hata Jumapili. Kuna mashine za kisasa nzuri zaidi, kimya, zisizo na moshi, lakini ukinunua ambayo kipuri chake kinaagizwa nje, boti yako itakuwa pambo la hori.

Ukifika, kabla ya salamu kumalizika, weka kiganja juu ya mashine. Iwe baridi. Ikiwa na joto, ameshaiwasha kabla hujafika, na huenda ana sababu: nyingi zilizochoka hukubali kuwaka zikiwa moto na kugoma zikiwa baridi. Fungua kifuniko. Chumvi nyeupe kwenye bolti na nyaya inasema haioshwi kwa maji matamu baada ya safari. Rangi mpya inayong'aa ndani ya kifuniko inasema kuna mtu alitaka usione chumvi.

Kisha omba bisibisi pana. Chini kabisa ya mguu wa mashine kuna skrubu ya oili ya gia. Ilegeze kidogo tu, oili idondoke kwenye kipande cha karatasi nyeupe. Ikitoka nyeusi, imechakaa tu, ibadilishe. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji ya bahari yamo ndani ya gia, sili zimekwisha na huenda vyuma vimeanza kuliwa. Nimewaona wauzaji wakibadilika uso kwenye skrubu hiyo kuliko kwenye swali lolote la bei. Muuzaji mkweli atakuletea bisibisi mwenyewe.

Fundi wako (wako, si wake) apime nguvu ya silinda kwa geji. Namba zenyewe si muhimu kwako kama zinavyopaswa kukaribiana. Silinda mbili zikitofautiana sana, moja inakufa. Mashine ikishawaka majini, tazama ule mchirizi wa maji ya kupozea unaotoka nyuma. Uwe na nguvu na usikatike. Ukiwa hafifu, pengine ni pampu ya maji tu, kipuri cha bei ndogo, au ni njia zilizojaa chumvi, na hiyo si bei ndogo.

Saa kumi maji yamerudi. Hapa watu wengi humpandisha muuzaji na kijana mmoja, wakaruka juu ya maji wakicheka, wakalipa. Boti ya watu watatu si boti ya familia yako. Chukua mitungi ya lita 20, uijaze maji ya bahari papo hapo, kila mmoja ni kilo 20 na ushei. Mitungi 15 ni kilo 300, uzito wa familia ya wastani, na haiogopi. Ipange pale watu watakapokaa kisha ondoka. Je, mashine inainua boti, au omo inabaki juu huku tezi ikilima maji? Ukigeuza, inalala kiasi gani? Baada ya nusu saa zima mashine, tazama ngamani. Kisha iwashe tena ikiwa moto, maana kuna zinazofanya kiburi hapo.

Kwa petroli, piga hesabu ya mashine ikifunguliwa yote: farasi 15 hula lita sita au saba kwa saa, na 40 haishuki chini ya 15. Mchanganyiko wa hamsini kwa moja ni nusu lita ya oili kwa lita 25. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi huigusi. Ukitoka Tudor, ukapita chini ya daraja la Nyali, Mji wa Kale mkono wa kulia, mpaka nje ya Fort Jesus, mkondo wa maji yanayokupwa unakubeba bure. Kurudi dhidi yake ndiko utakakojua kwa nini niliitaja hiyo theluthi ya tatu.

Kuhusu majira, ukiweza nunua Juni au Julai. Kusi inavuma, boti nyingi ndogo zimelala, na wauzaji husikiliza. Desemba kila mtu anataka boti.

Pesa zako zigawe mafungu matatu na ununue kwa mawili. La tatu litakwenda kwenye mambo yasiyopigwa picha: pampu mpya ya maji, plagi, nanga ya maana, turubali la kivuli, ukaguzi wa Kenya Maritime Authority (KMA), na jaketi okozi. Za watoto zinunuliwe kwa uzito wa mtoto, ziwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo mtoto huchomoka kwa chini. Usikubali zile za zamani ambazo muuzaji anakuongezea. Zibonye, sponji yake mara nyingi imeshakufa. Mji huu haukosi mtu anayekumbuka Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Idadi ya watu ambayo chombo kimepewa si ya kujadiliana na shemeji.

Karatasi zenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Namba ya mashine ilingane na ya kwenye risiti au karatasi za forodha. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, usiulize hata bei. Cheti cha KMA kiwe na jina la anayekuuzia, na mauzo yaandikwe mbele ya wakili. Muulize pia kama boti ilikuwa ikivua, na wapi. Kwenye hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa (Marine Park), mbele ya Nyali na Bamburi, hakuna kuvua, na hutaki kurithi kesi.

Kwenye hayo makubaliano orodhesha nanga, kamba, makasia, tangi na bomba lake la mafuta, kimoja kimoja. Ndivyo vitu vinavyopotea usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiana.