Maswali ya Wasomaji: Kinanda Ninacho, Nianzie Wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya tatu hapa Ngamiani, Tanga, na nota za do-re-mi nazisoma bila shida. Mpiga kinanda wetu amehamishwa kikazi, na viongozi wa kwaya wameniomba nijifunze ili nishike nafasi yake. Kinanda chenye vitufe 61 kipo, lakini mwalimu hayupo. Vijana wananishauri nijifunze kila wimbo katika C, kisha nitumie kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda chote. Je, ushauri huo ni sahihi, na kwa mtu wa miaka 41 kama mimi, umri haujanipita?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umri haujakupita hata kidogo. Mtu aliyezoea kushikilia sauti ya tatu huku sauti nyingine zikimzunguka amekwisha kulifundisha sikio lake, na kwa wanafunzi wengi sikio huchelewa kuliko vidole. Hizo do-re-mi zako ndizo zitakazokuongoza, kwa hiyo usiziache mlangoni unapokikalia kinanda.

Kabla ya kupiga chochote, vitazame vitufe vyeusi. Vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitufe cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili ni C, na kilicho kushoto mwa vyeusi vitatu ni F. Kwenye kinanda cha vitufe 61, C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto kwa kawaida ndiyo C ya kati, na hapo ndipo mikono yako miwili itakapokutana. Tafuta kila C na kila F mpaka mkono uzifikie bila kusita, ndipo uendelee na nyingine: kutoka C kwenda kulia, vitufe vyeupe huitwa C, D, E, F, G, A, B, kisha C tena.

Sasa tuje kwenye do-re-mi. Unapoimba, hatua kutoka mi kwenda fa ni fupi, na ile ya ti kwenda do ni fupi vilevile, ilhali nyingine zote ni ndefu. Kwenye kinanda, hatua fupi ni kutoka kitufe kimoja hadi kile kinachokigusa, na hatua ndefu huruka kitufe kimoja katikati, kiwe cheusi au cheupe. Ukiiweka do kwenye C, utapanda kwa vitufe vyeupe pekee, kwa kuwa kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kitufe cheusi. Ihamishie do kwenye F, uone kinachotokea: F ni do, G ni re, A ni mi, na sasa inatakiwa hatua fupi, kwa hiyo fa haiwezi kuwa B nyeupe, bali ni kile kitufe cheusi kilicho kati ya A na B, yaani B flati. Ukiihamishia kwenye G, ti itakuwa F shapu, yaani kitufe cheusi kilicho kati ya F na G. Mtu anayeelewa jambo hili anaweza kuijenga ngazi ya ufunguo wowote, yaani do hadi do kuanzia kitufe chochote, akiwa peke yake, bila kukariri jedwali.

Vidole hupewa namba kuanzia gumba, ambacho ni 1, hadi kidole cha mwisho, ambacho ni 5, na hesabu ni hiyohiyo kwa mikono yote miwili. Ngazi ya C kwa mkono wa kulia hupandwa kwa 1, 2, 3, kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na kushika F, ndipo ufuate 2, 3, 4, 5. Mkono wa kushoto hupanda kwa 5, 4, 3, 2, 1, kisha kidole cha 3 huvuka juu ya gumba, ukamalizia 2 na 1. Ufanye mkono mmoja mmoja, polepole kiasi cha kutokosea, na ujaribu mikono yote miwili pale tu kila mmoja utakapokuwa umezoea njia yake. Angalia pia urefu wa meza: kiwiko kikiwa chini ya usawa wa vitufe, kifundo cha mkono hujikunja na kuchoka mapema.

Baada ya hapo jifunze kodi tatu, kila moja ikiwa ni noti tatu zinazopigwa kwa pamoja: C, E, G; kisha F, A, C; kisha G, B, D. Usiurushe mkono kutoka moja kwenda nyingine. Kutoka kodi ya C, iache C mahali pake, sogeza E hadi F na G hadi A, nawe tayari uko kwenye kodi ya F. Kisha chagua wimbo wa sauti nne ambao kwaya yenu inaujua vizuri, upige sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na ya nne kwa mkono wa kushoto, huku wewe ukiimba ya tatu. Dakika 20 kila siku zitakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi.

Kuhusu ushauri wa vijana, sikubaliani nao. Kitufe hicho kina kazi yake, hasa siku ambayo mwimbishaji ameanza wimbo mahali pasipotarajiwa. Lakini anayekitegemea tangu siku ya kwanza anaona C huku sikio likisikia E flati, na akikalishwa kwenye piano ya kawaida, isiyo na kitufe cha aina hiyo, hana pa kushika. Kiache mpaka uwe unapiga vizuri katika C, G, F na D. Vilevile, yazime yale mapigo ya ngoma yanayojipiga yenyewe, kwani yanafunika makosa ambayo unapaswa kuyasikia.

SWALI: Ninaishi Dunda, Bagamoyo. Binti yangu wa miaka minane anataka kinanda. Nimnunulie cha aina gani?

JIBU: Mnunulie chenye vitufe vya ukubwa wa kawaida, si vile vyembamba vya kuchezea, na ujaribu dukani: ukigusa taratibu sauti iwe ndogo, ukigusa kwa nguvu iwe kubwa. Kinanda kisichotofautisha mguso kitamnyima mtoto nusu ya muziki. Vitufe 61 vinamtosha kwa sasa, ingawa piano kamili ina 88. Hakikisha volti na alama za chanya na hasi kwenye adapta zinalingana na zilizoandikwa kwenye kinanda. Kwa kuwa mko karibu na bahari, kifunikeni kila kinapomaliza kutumika na msikiweke dirishani, maana unyevu wa chumvi huharibu viungio vya umeme. Kuhusu mwalimu, nenda ukaulizie TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, kwa kuwa muziki unafundishwa hapo.

SWALI: Nipo Makorora, Tanga, na napenda taarabu. Mbona sauti nyingine za udi na fidla sizipati kwenye kinanda changu?

JIBU: Sikio lako halikudanganyi. Kinanda kimegawa oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya juu, katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali kidole juu ya waya wa fidla au udi kinaweza kutua katikati ya hatua hizo. Maqamu (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Rasti inayoanzia C, kwa mfano, inahitaji E iliyo kati ya E na E flati, na B ya namna hiyohiyo. Baadhi ya vinanda vina mpangilio unaoruhusu kuteremsha noti hizo kwa robo ya hatua ndefu, kwa hiyo pekua kitabu cha maelekezo cha kinanda chako. Kama hakina, anza na maqamu ya Hijazi, ambayo inapigika kwenye kinanda chochote: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, kisha D ya juu.