Kudumu Kwenye Uigizaji Bila Kuwa Steringi

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja ambaye ameshaonekana kwenye tamthilia kadhaa. Aliandika: "Shikamoo mzee. Nimechoka kuitwa nesi. Kila nikienda kwenye usaili naambiwa nina sura ya nesi, na nikipata kazi ni maneno matatu, basi. Wenzangu tulioanza nao wameshakuwa mastaa. Niendelee au niache?"

Nilimjibu siku ileile kwa kifupi, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha. Nimeona niandike kwa kirefu, maana najua mko wengi mnaojiuliza hivyohivyo, na mnataka kile nilichokitaka mimi tangu ujana: kula na kulea watoto kwa kazi hii mpaka uzeeni.

Mimi nimeweza. Sijawahi kuwa steringi, yaani mhusika mkuu, hata siku moja. Nimekuwa karani, hakimu, mlinzi, baba mkwe, jambazi anayeuawa mapema, daktari anayeleta habari mbaya mlangoni halafu haonekani tena. Nikipita barabarani watu hunikazia macho, huniuliza kama tulisoma shule moja. Jina langu hawalijui. Lakini ada za watoto zimelipwa na nyumba imeezekwa kwa pesa za hao makarani na mahakimu, na nasema hivyo kifua mbele. Miaka ya kusubiri simu isiyolia naiacha, kila msanii anaijua.

Nikuelezeni kazi moja, mtaelewa mengine yote.

Niliwahi kucheza karani wa masjala. Nilitakiwa kugonga muhuri kwenye faili, kulifunga, na kumwambia steringi, "Rudi kesho, bosi hayupo." Kama mnavyojua, tukio moja hupigwa mara nyingi. Kwanza picha pana inayoonyesha chumba kizima, kisha kamera inasogezwa kwa steringi, halafu nyuma ya bega lake, na wewe wa pembeni unafikiwa mwisho, watu wakiwa wamechoka na mwanga unakimbia. Kwenye picha pana, muhuri wangu uligonga karatasi wakati natamka "kesho", na faili nililifunga kwa mkono wa kushoto. Kuanzia hapo nilikuwa nimefungwa. Muhuri lazima ugonge kwenye "kesho", na mkono lazima uwe wa kushoto, hata ikifika jioni, kwa sababu mhariri hawezi kuunganisha picha ambayo mkono uko juu na nyingine ambayo mkono uko chini.

Steringi wetu alikuwa anabadilisha kila kitu. Mara anashika ukingo wa meza, mara mkono uko mfukoni, mara anageuka kabla sijamaliza sentensi. Dada wa mwendelezo, yule anayeandika kila kilichofanyika ili picha zifanane, alihangaika naye asubuhi nzima, anaandika, anafuta, anaomba picha irudiwe. Alipofika kwangu alisimama, akatazama muhuri mara mbili tatu, akafunga daftari. Hakunisifu wala kuniambia kitu. Miezi kadhaa baadaye nilipigiwa simu na mwongozaji ambaye sijawahi kumwona, akaniambia jina langu amepewa na yule dada.

Hapo ndipo kazi zangu nyingi zimetoka. Vijana wanadhani wanachaguliwa na mwongozaji peke yake. Ukweli ni kwamba mwongozaji anauliza watu wake: fundi sauti, msaidizi wake wa kwanza, dada wa mwendelezo, wakati mwingine hata dereva wa gari la waigizaji. "Yule mzee wa hakimu, vipi?" Wakijibu kwamba hasumbui, anakuja na maneno yake kichwani, anasimama kwenye alama aliyowekewa sakafuni bila kuangalia chini, umeshapata kazi hata kabla ya usaili.

Siku ileile lilitokea jambo jingine ambalo bado linaniuma. Steringi alipokuwa anapigwa picha za karibu, mimi nilisimama kando ya kamera muda wote nikimpa maneno yangu kwa nguvu zangu zote, machozi yakinilenga, ili naye apate cha kujibu. Ilipofika zamu yangu, nikageuka, hayupo. Ameenda kupumzika kwenye gari. Wakabandika kipande cha utepe kando ya lenzi, wakaniambia huyo ndiye yeye, niutazame. Maneno yake yakasomwa na kijana wa uzalishaji kama anayesoma orodha ya majina. Nikaigiza na utepe. Nikautazama utepe ule mpaka nikauonea huruma, na picha ile imo kwenye filamu mpaka leo. Watu waliniambia karani yule aliwagusa.

Sikumwambia kitu yule bwana, wala simtaji hapa. Ila tangu siku hiyo sijawahi kuondoka mwenzangu akiwa mbele ya kamera, awe staa au binti wa siku ya kwanza. Nawaomba nanyi msiondoke. Msiondoke hata kama mmeambiwa mmemaliza, hata kama njaa inauma. Mwigizaji anayemwacha mwenzake azungumze na utepe ameiba kazi ya mwenzake, na sijali ana wafuasi wangapi mtandaoni.

Sasa hili la kuitwa nesi kila siku. Binti yangu, mimi nilikuwa mlinzi mpaka nikaanza kuota geti. Nikaamua kwenda kuwatazama walinzi wenyewe, si kwenye picha, getini kwao. Nikaona kwamba mlinzi mzoefu hamtazami mgeni usoni kwanza. Anatazama mikono, kisha gari, kisha uso. Nikaona hasimami wima kama askari wa gwaride, anaegemea mguu mmoja kwa sababu atasimama usiku mzima. Na akiandika jina la mgeni anaandika polepole, kwa makusudi, maana pale ndipo mamlaka yake yalipo. Nilipokwenda kucheza mlinzi tena, maneno yalikuwa yaleyale mawili, lakini mwongozaji alisogeza kamera karibu yangu bila mimi kumwomba. Fanya hivyo na unesi. Nesi anayejaza faili huku anasikiliza mgonjwa mwingine akikohoa ni mtu kamili, na hakuna aliyekuandikia hilo kwenye skripti.

Sauti nayo ni hivyohivyo. Benson Wanjau wa Kenya, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mzee Ojwang tu, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo aliyoitumia kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni, aliishika kwa miaka mingi kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini amezaliwa nayo. Alifariki mwaka 2015 na watu waliomboleza jina la mhusika. Ile ni kazi ya sikio, na sikio halichagui urefu wa nafasi.

Tena muwatazame wale walioifanya kazi hii vizuri. Thelma Ritter wa Marekani alianza filamu mwaka 1947 kwa kuonekana kidogo tu kama mama anayefanya manunuzi, bila hata jina lake kuandikwa. Baadaye aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi mara 6, na hakuipata hata mara moja. John Cazale alionekana kwenye filamu ndefu 5 tu kabla ya kufariki mwaka 1978, na zote 5 ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Yeye mwenyewe hakuteuliwa kamwe. Nenda kamtazame anavyosikiliza wengine wakiongea, kisha uniambie kama tuzo ndiyo kipimo. Hata hiyo tuzo ya wasaidizi ilianza na filamu za mwaka 1936, na miaka ya mwanzo washindi wake walipewa kibao cha kumbukumbu tu wakati wenzao wakuu wanabeba sanamu. Kudharauliwa kwetu ni kwa zamani.

Kuhusu umri, acheni hofu. Steringi akizeeka anatafutiwa mbadala, ila dunia ya filamu haijawahi kukosa haja ya babu, jaji, mkunga au mzee wa kanisa. Harry Dean Stanton alizaliwa mwaka 1926, akacheza wahusika wa pembeni tangu miaka ya 1950, na nafasi yake kubwa ya kwanza kama mhusika mkuu, kwenye filamu ya Paris, Texas, ilitoka mwaka 1984 akikaribia miaka 58. James Hong alipewa nyota yake kwenye njia ya mashuhuri ya Hollywood mwaka 2022, akiwa na miaka 93, na bado alikuwa anafanya kazi. Mimi mwenyewe mvi zilipoingia ndipo simu zilipoongezeka. Kwa hiyo wewe uliyefikisha thelathini na unalia kwamba umepitwa, futa machozi ujifunze maneno yako.

Lakini heshima bila karatasi haina mlinzi, na hapa nawataka mnisikilize hasa.

Kuna filamu moja nilicheza mzee wa ukoo, matukio mazuri kabisa. Ilipotoka, majina yalipopita mwishoni, mahali pangu palikuwa na jina la mtu mwingine. Nilipiga simu ofisini kwao. Aliyepokea aliniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani nani anasoma yale majina, mzee?" Nilikaa na swali lile muda mrefu. Ninayasoma mimi. Anayasoma mwongozaji anayetafuta mzee kwa filamu yake ijayo. Wanayasoma wajukuu zangu.

Pia kuna malipo ya marudio, yaani unacholipwa kazi yako ikionyeshwa tena. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, mwigizaji aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, wakapata haki ya kulipwa filamu zao zikionyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2023 waligoma tena kwa siku 118, safari hii kwa ajili ya malipo ya filamu za mtandaoni na kuzuia sura zao kunakiliwa kwa kompyuta na kutumiwa bila ridhaa. Walioumia zaidi na mambo hayo si mastaa. Staa ana mawakili. Ni sisi wa maneno matatu, ambao tunaweza kupigwa picha za pande zote siku moja na kuonekana kwenye filamu ambazo hatukuziona.

Kwa hiyo nikiletewa mkataba sasa natafuta mambo haya kabla ya kushika kalamu: jina langu limeandikwa vipi na litaonekana wapi, nitalipwa nini kazi ikirudiwa au ikiuzwa kwingine, na sura na sauti yangu zinatumika kwenye kazi hii peke yake. Kisichokuwemo nakiandika pembeni kwa mkono, nasaini hapo, nawaomba nao wasaini hapo. Wengi husaini, kwa sababu hawakuwa na nia mbaya, walinakili tu mkataba wa zamani. Ofisi moja ilikataa, ikaniambia nafasi yenyewe ni ndogo mno kwa maswali makubwa kama hayo. Nikawarudishia karatasi zao, wakampata mzee mwingine, na mimi wiki ileile nikaenda kuwa hakimu kwa watu waliosaini.