Mikanda myeupe juu ya koti jekundu

Umeuliza kwa nini koti jekundu linatoka na mabaka kwenye vinyago vyako vya milimita 28 vya askari wa Uingereza wa vita vya Waterloo (1815). Mabaka hayo yanatokana na undakoti nyeusi, yaani rangi ya kwanza ya chini. Nyekundu haifuniki vizuri juu yake. Tumia undakoti ya kijivu au ya kahawia, kisha lipake koti mara mbili: rangi sehemu mbili kwa maji sehemu moja. Mkono wa kwanza wa rangi ukauke kabisa, la sivyo brashi itaung'oa. Mwaka 1815 askari wa kawaida alivaa nyekundu ya matofali. Nyekundu kali waachie maofisa na sajini. Tofauti hiyo hupendeza sana kikosi kikipangwa mezani.

Mikanda ya kifuani usiianze na nyeupe. Pitisha kahawia nzito, juu yake kijivu ukiacha uzi mwembamba wa kahawia pembeni, halafu nyeupe iliyopoozwa (isiyo kali) katikati tu. Nyeupe tupu ikipakwa nene hugeuka chokaa. Ukitoka nje ya mstari, rudi na nyekundu.

Kola na pindo za mikono: regimenti ya 44 njano, ya 33 nyekundu.

Vanishi isiyong'aa usiinyunyize siku yenye unyevunyevu. Huacha ukungu mweupe.