Maswali ya Wasomaji: Sera Yetu ya Nje Huandikwa na Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nikitazama ziwani naiona MV Mwanza, meli iliyojengwa hapa hapa na kampuni ya Korea Kusini. Nikienda Sengerema napita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililojengwa na Wachina. Na reli mpya ya kutoka Isaka nayo iko mikononi mwa Wachina. Wakati huohuo tunasikia kwamba Marekani imepunguza misaada, na kwamba China, Urusi na India zinawania marafiki Afrika. Je, sera yetu ya mambo ya nje huandikwa Dodoma au huandikwa na mwenye fedha?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa karatasi jibu ni jepesi. Rais ndiye kiongozi wa uhusiano wetu na mataifa mengine, Wizara ya Mambo ya Nje humshauri na kutekeleza, na Bunge, kwa ibara ya 63 ya Katiba, hujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Sera ya mwaka 2001, iliyotanguliza diplomasia ya uchumi, imehuishwa, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Lakini nadhani hukuandika barua yako ili ufundishwe somo la uraia.

Kwanza tutenganishe mjenzi na mkopeshaji. Daraja unalopita limejengwa na kampuni za China, lakini fedha ni za Serikali yetu. Na fundi aliyelipwa ujira wake hana sauti juu ya nani alale chumba kipi. Mkopeshaji ni mtu mwingine kabisa, kwa kuwa yeye huweza kuuliza hata maswali yasiyohusu ujenzi. Ninyi wa kanda ya ziwa mnao mfano wa jambo hili ulio bora kuliko wowote ninaoufahamu, nao uko Ihelele, wilayani Misungwi.

Mwaka 1929, Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza isijengwe kazi yoyote juu ya Mto Nile au maziwa yanayoulisha, ikiwa kazi hiyo ingepunguza maji ya Misri, bila Misri kuridhia. Tanganyika haikuwapo mezani. Ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alikataa kurithi mzigo huo, na mwaka 1962 serikali yake ikazijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano yale hayaifungi Tanganyika. Ulikuwa msimamo wa kisheria ulioandikwa vizuri, na kwa miaka arobaini hivi ulibaki kuwa maandishi, kwa sababu haukuwa umejaribiwa kwa mradi mkubwa.

Miaka ya 2000 Serikali iliamua kuyavuta maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele na kuyapeleka Kahama na Shinyanga, ambako watu na mifugo walikuwa wakihangaika kiangazi baada ya kiangazi. Ugumu wa uamuzi ule ulikuwa katika fedha kuliko katika mabomba, kwa kuwa wakopeshaji kama Benki ya Dunia wana utaratibu wa kutaka nchi nyingine za bonde la mto wa kimataifa zijulishwe kabla ya mkopo kutolewa, na mlango huo ukishafunguliwa, kila pingamizi huweza kugeuka kuwa ucheleweshaji. Tanzania ikalipa kwa fedha zake. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata nchi yetu ilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Mto Nile huko Entebbe, ambao ulianza kutumika Oktoba 2024 ijapokuwa Misri na Sudan ziliukataa.

Utastaajabu, basi, kwamba bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri kwa mkataba wa mwaka 2018. Sioni kigeugeu hapo. Tunaweza kutofautiana na Misri juu ya maji ya Ihelele na tukapatana nayo juu ya umeme wa Rufiji, mradi kila jambo linajadiliwa kwa hesabu yake.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: sera huandikwa Dodoma, lakini upana wa karatasi hupimwa na kiasi ambacho nchi inaweza kulipa yenyewe. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache weupe walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Serikali ya wakati ule ilijua kwamba msimamo una gharama, ikaibeba. Wanaousifu uamuzi ule leo mara nyingi husahau kuitaja bei yake.

SWALI: Mwezi Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu vita vya Ukraine, Tanzania haikuunga mkono wala kupinga. Je, kutofungamana na upande wowote si jina la heshima la woga? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Huenda ikawa woga, na huenda isiwe, kura moja haitoshi kuamua. Siku ile nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Uganda ilijizuia kama sisi, lakini Kenya iliunga mkono, na balozi wake alikuwa amekwisha kulaani hadharani kitendo cha Urusi. Nchi tatu zinazonywa maji ya ziwa moja hazikupiga kura moja.

Kutofungamana kwa zamani hakukuwa kunyamaza. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharimia reli ya kuelekea Zambia, tuliiendea China, na kilomita 1,860 za TAZARA zikajengwa kati ya 1970 na 1975. Mwaka 1971 tukawa mstari wa mbele kuitetea China irejeshewe kiti chake Umoja wa Mataifa, tukijua kwamba Marekani itachukizwa. Kwa kipimo hicho, mimi binafsi naona kosa la 2022 halikuwa kujizuia, bali kutowaeleza wananchi sababu kwa kirefu. Mvuvi wa Ukerewe aliyeuziwa mafuta ya injini kwa bei iliyopanda mwaka ule alistahili maelezo hayo.

Ama kuhusu majirani, tofauti ya kura haikuvunja kitu. Maofisa wa uvuvi wa nchi zote tatu wameendelea kukutana chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, kujadili sangara, dagaa na nyavu haramu.