Vijiaskari mezani: askari waliopauka, ukungu wa masika na nyuki wa Tanga

Shikamoo mwalimu. Nilinunua Kariakoo mfuko wa vijiaskari vya kijani, vile vya watoto. Nimevipaka rangi vikapendeza, lakini bunduki ikipinda kidogo tu rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Marahaba mwanangu. Mkono wako hauna kosa. Plastiki ile laini ni ndugu wa ndoo na madumu: rangi haiitaki, gundi haiitaki. Tena hutoka kiwandani na mafuta yaliyosaidia kuichomoa kwenye kalibu. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, viache vikauke hadi kesho yake. Kabla ya rangi, paka tabaka jembamba la gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka inakuwa ngozi inayopinda pamoja na bunduki. Ukimaliza rangi, paka tena tabaka kama hilo juu.

Bunduki iliyozaliwa imepinda? Itumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka, inyooshe, kisha ipeleke haraka kwenye maji ya barafu. Itatulia.

Ninavyo vijiaskari vya Kiingereza vya vita vya pili, kipimo 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Nataka kuvigeuza viwe askari wa 1914, wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nusu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza), nusu wa Wajerumani. Nianzie wapi? (Kinondoni)

Anzia kichwani, ndugu yangu. Pande zote mbili zilivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mara nyingi na ulimi wa kufunika shingo. Kata ile kofia ya chuma kwa kisu cha kukatia karatasi, ubakize uso. Nunua epoksi ya mafundi bomba, ile ya kukanda vipande viwili mpaka rangi ziwe moja. Chukua kiasi cha punje ya mtama, lowesha vidole, kandamiza kichwani, kisha nyoosha pembeni kwa kijiti cha meno. Ulimi wa shingo ni kipande kingine, chembamba kama jani.

Utawatofautishaje? Askari wa Kijerumani alikuwa na nembo ya chuma ya ndege tai mbele ya tarbushi. Kwa ukubwa huu ni nukta moja ya rangi ya fedha. Miguuni alivaa buti na vitambaa vya kuzungushia vigimbi. Chukua uzi wa kushonea, uzungushe kwa gundi, basi. Askari wa KAR mwanzoni mwa vita wengi walikwenda pekupeku. Chonga buti lipungue, upake rangi ya ngozi, na usihangaike na vidole.

Bunduki nayo ndefu. Kombania nyingi za Kijerumani zilianza vita na bunduki za mwaka 1871, za baruti ya moshi, risasi moja moja. Toboa mtutu kwa sindano ya moto, chomeka kipande cha pini ya ofisi. Usitegemee supaglu peke yake, kwenye plastiki laini haishiki. Pamba kidogo mdomoni mwa bunduki ndiyo moshi.

Ukipita Posta, simama dakika tano kwenye sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Usiangalie rangi, maana ni shaba nyeusi. Tazama jinsi uzito wa mwili ulivyoegemea mbele, na singe inavyoelekea bandarini. Mimi nilichonga vijisanamu miaka mingi kabla ya kugundua kwamba wangu wote walikuwa wanasimama kama wanasubiri daladala.

Ngozi ya askari wangu inatoka kijivu. (Sinza)

Unaongeza nyeupe ili kupata mwanga, sivyo? Nyeupe inampausha, anakuwa kama mtoto aliyeoga akakimbia bila kupakwa mafuta. Anza na kahawia iliyokolea yenye tone la bluu kwa vivuli, kisha panda juu kwa kuongeza rangi ya udongo mwekundu, na mwisho machungwa kidogo kwenye pua na mashavu. Wala usiwapake wote rangi moja. Mafundisho mengi ya ng'ambo yanatoa kahawia moja kwa bara zima. Wewe ukae kwenye kiti cha nyuma cha mwendokasi uhesabu ngozi.

Nilipuliza vanishi Aprili, jeshi zima likawa na ukungu mweupe. (Tabata)

Unyevu huo. Masika pulizia mchana wa jua, saa nane hivi, kamwe si alfajiri wala mvua ikinukia. Kilichoharibika, paka juu yake vanishi ya kung'aa kwa brashi. Mara nyingi ukungu unapotea. Kisha ngoja siku kavu upulize ile isiyong'aa.

Natengeneza mapigano ya Tanga, ya Waingereza na Wajerumani. Nyuki niwafanyeje? (Upanga)

Swali la mwaka! Novemba 1914 milio ya risasi iliwavuruga nyuki, nao wakauma pande zote mbili, ingawa lawama ziliangukia kwa Wajerumani kana kwamba waliwafuga kwa kazi hiyo. Sasa piga hesabu: nyuki wa milimita 12 kwa kipimo cha 1/72 ni moja ya sita ya milimita. Huchongi hapo. Vuta pamba mpaka ionekane kama utando wa buibui, nyunyizia gundi iliyozimuliwa, kisha pilipili manga iliyosagwa. Usipige chafya.

Nimemaliza askari 40. Niongeze wangapi? (Kigamboni)

Usiongeze hata mmoja. Tengeneza wapagazi. Kombania ya vita vile kwa kawaida ilikuwa na wapagazi wengi kuliko askari, na jeshi lisilo na wapagazi mezani kwangu silihesabu. Hata soko unakonunulia vijiaskari limebeba jina lao: Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Waingereza, jina lililopita midomoni mwetu.

Mzigo uchonge kwa kipande cha njiti ya kiberiti au ushanga uliofungwa kitambaa, uwe mkubwa kuliko unavyodhani, maana walibeba kilo 25 hivi. Na mtu wa kumgeuza yumo tayari kwenye ule mfuko wa vijiaskari vya kijani: yule anayerusha bomu. Likate bomu, weka mzigo kichwani. Mkono wa kuushika umeshainuka.