Kutoshika mkojo si ada ya uzee: sindano ya kifundoni ilivyonirudisha kwa watu

Juzi msomaji wa Tanga ameniandikia: "Shikamoo bibi. Mama ana miaka 70, mkojo haumshiki, ameacha kwenda hata arusini. Nimeona video ya kifaa cha umeme kinachofungwa mguuni. Ni kweli kinatibu, au ni wizi?"

Marahaba mwanangu. Nakujibu mbele ya wote kwa sababu wenye shida hii ni wengi na wamenyamaza, na kwa sababu mimi mwenyewe nimetibiwa kibofu kupitia mguu, huku Uingereza ninakoishi. Leo napanda basi la safari ndefu bila kuuliza kwanza choo kiko wapi.

Yangu yalianza hedhi ilipokatika. Haja ilikuwa ikinibana ghafla, haisubiri. Nafika mlangoni, ufunguo ungali tunduni, nguo zimeshalowa. Nikisikia bomba linafunguliwa, yale yale. Usiku kucha ni kuamka. Wifi yangu mmoja, siku ya maulidi nyumbani kwake, alitandika nailoni kitini kabla sijakaa. Hakusema neno, na wageni wote waliona. Miaka imepita, bado roho inaniuma.

Nikaacha shughuli, nikaacha darsa. Hata sala ilinitia wasiwasi, mpaka mwalimu wetu wa darsa akanifuata nyumbani kunieleza hukumu ya mwenye udhuru: ujisafishe, uvae pedi, utawadhe wakati wa sala ukishaingia, usali, na kinachotoka hapo bila hiari yako hakikuvunjii. Nililia siku ile. Mama zangu mnaokaa nyumbani kwa hofu ya najisi, waulizeni wenye elimu.

Daktari wa kwanza aliniambia ndiyo umri huo, mama. Wa pili akanipa vidonge vya oksibutinini. Mkojo ulipungua, lakini mdomo ulikauka hata kusoma Yasini ikawa taabu, na choo kikafunga. Dawa za jamii hii huweza pia kuwachanganya akili wazee, na utafiti umezihusisha na ugonjwa wa kusahau zikitumika muda mrefu. Mama yako akipewa, uliza.

Aliyenifaa ni muuguzi wa kliniki ya kibofu. Aliniandikisha kwa siku tatu kila nilichokunywa na kila nilipokwenda haja, akapima mkojo na sukari, akapunguza chai yangu (hilo liliniuma), akanifundisha kukaza misuli ya nyonga. Hayo hutangulia. Yalipokuwa hayatoshi ndipo ikaja sindano.

Unakaa kitini umenyoosha mguu. Sindano nyembamba kama unywele inachomwa juu kidogo ya kifundo cha ndani, kama sentimita 5, na kibandiko kinabandikwa karibu na kisigino. Kijikasha cha betri kinapitisha umeme mdogo, unaongezwa taratibu mpaka kidole gumba kijikunje chenyewe au unyayo uwashewashe. Dakika 30, basi. Unarudi kila wiki kwa wiki 12. Haiumi, mimi nilikuwa nikivuta tasbihi yangu.

Mguu na kibofu vinahusianaje? Neva, yaani mshipa wa fahamu, ya mguuni, iitwayo tibia, inatoka kwenye mizizi ya uti wa mgongo chini kiunoni, na baadhi ya mizizi hiyo ndiyo inayoongoza kibofu. Ukiichochea chini, kibofu chenye pupa kinatulia. Wiki za mwanzo sikuona kitu. Wenzangu wawili walikata tamaa wakaacha. Mimi nilivumilia, na najivunia. Usiku mmoja nikalala mpaka adhana ya alfajiri ya simu yangu.

Lakini sisemi ni muujiza. Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2010, wenye matatizo haya 220, waliopata sindano ya kweli nusu na zaidi walipata nafuu ya maana, na waliowekewa ya uongo, ya kuigiza tu ili kulinganisha, ni kama mmoja kati ya watano. Basi wapo wasiopona. Na umeme wa vibandiko bila sindano ulipojaribiwa kwa wazee wa nyumba za kulelea huku Uingereza, matokeo yaliyotoka 2021 hayakuonyesha kuwa unashinda wa uongo. Wanaoshindwa na yote haya, ipo mashine ya kupandikizwa juu ya kalio, waya wake ukagusa neva ya mgongoni. Marekani waliiruhusu mwaka 1997. Hiyo ni upasuaji, na ni ghali.

Mwanangu, kwanza jua mama anavuja vipi. Akibanwa ghafla asifike chooni, umeme wa mguuni unaweza kumfaa. Akivuja anapokohoa, kucheka au kunyanyua ndoo, dawa yake ya kwanza ni mazoezi ya nyonga. Na ikiwa mkojo unatiririka mchana na usiku tangu uzazi mgumu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Umeme hautaiziba hata mwaka mzima, inashonwa. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT inajulikana kwa kazi hiyo. Mwenye mashine ya moyo, au anayetokwa damu kirahisi, asichomwe bila daktari kujua.

Na nyinyi mabinti na wakaza wana, acheni kutandika nailoni. Mwulizeni mama faraghani, kwa upole, mpelekeni. Mama aliyewabadilisha nepi nyinyi asitengwe kwa mkojo. Na nyinyi wakubwa wenzangu, semeni. Aibu haijamponyesha mtu.

Kile kifaa cha kwenye video usikilipie hata shilingi kabla mama hajapimwa mkojo na sukari na kuonwa na daktari wa kina mama au wa njia ya mkojo. Mwanzishie daftari leo, siku tatu, aende nalo. Nikiwa na uzima nitasubiri unieleze amesema nini.